Dhow, dau na jahazi

Sisi huku Bustan hatujambo, joto tu ndilo linatufungia ndani.

Leo nawaletea habari ya neno moja. Hapa kwetu kwenye kipilefti kimewekwa chombo kinachoitwa Sohar. Kilijengwa Sur mwaka 1980, mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, kama mitepe yetu ya zamani. Tim Severin na mabaharia wa Kiomani walikwenda nacho mpaka China, wakafika 1981. Watalii wakikipiga picha husema "dhow". Wenyeji husema bumu.

Waarabu wana bumu, sambuku, baghala, ghanja na badani, kila kimoja na umbo lake. Sisi tuna jahazi, mashua, ngalawa, na dau la mvuvi. Wengi huona Mwingereza amelitoa neno lake kwenye hilo dau letu, kisha akaliita kila chombo cha tanga.

Mtasema, neno tu, lina nini? Lilikuwa na makubwa! Karne ya 19 manowari za Kiingereza zilisaka biashara ya watumwa, na "dhow" likawa jina la chombo cha kushukiwa. Aliyebeba tende na aliyebeba watumwa wote wakasimamishwa. Manahodha wa Sur wakachukua bendera ya Ufaransa, kwani Mfaransa hakukubali vyombo vyake vipekuliwe. Na tusifichane, wengine walibeba watumwa kweli chini ya bendera hiyo. Ugomvi ukafika The Hague, kesi ikaitwa "Muscat Dhows". Hukumu ya 1905 ikasema waliopewa bendera kabla ya 2 Januari 1892 waendelee nayo; baada ya hapo mlango ukabanwa sana.

Waliopigania haki hiyo mbele ya mahakama ni Uingereza na Ufaransa. Wenye vyombo walijadiliwa tu, tena kwa jina wasilolitumia wao. Ndiyo ile ya wazee: dau la mnyonge haliendi joshi.

Na dau letu nalo lina mengine, maana ndilo la kamari, na mnadani ndilo hupandishwa.

Haya, mlioko Unguja, Pemba na Lamu, waulizeni wazee majina ya vyombo mniandikie, kila kimoja na umbo lake. Tusije tukabaki na "dhow" peke yake.

Wasalaam.