Umri wa Msichana katika Sheria ya Ndoa ya 1971

Mwaka 1907, katika nchi ya Wazanaki iliyo mashariki ya Ziwa Viktoria, msichana aliyeitwa Mgaya Nyang'ombe aliozwa kwa Nyerere Burito wa Butiama, mtu ambaye baadaye alikuja kuwa mtemi. Alikuwa na umri wa miaka 15, naye alikuwa mke wa tano katika mji ambao hatimaye ulihesabiwa wake 22. Miaka 64 ilipopita, mwanawe, Julius Kambarage Nyerere, alikuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania wakati Bunge lilipotunga Sheria ya Ndoa, na sheria hiyo ikataja umri ambao chini yake mwanamke hawezi kuolewa: miaka 15. Si haki kusema kwamba mtoto aliuandika umri wa mama yake katika sheria ya nchi. Hesabu mbili zilikutana tu. Walakini kukutana kwake kunafunua jambo ambalo wasifiaji wa sheria hii aghalabu hulipita upesi, nalo ni kwamba sheria iliyoyavunja mengi ya kale iliyaacha ya kale yakae palepale katika jambo moja zito.

Kabla ya 1971 hapakuwa na sheria moja ya ndoa Tanzania Bara. Mwislamu alioa kwa sheria yake, Mkristo kwa yake, Mhindu kwa yake, na walio wengi wakafuata mila za makabila. Haki za mke zilibadilika kwa kadiri ya dini na kabila la mumewe. Umoja wa Wanawake wa Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1962 chini ya uongozi wa Bibi Titi Mohamed, ulikuwa miongoni mwa waliodai mabadiliko. Mwaka 1969 Serikali ikatoa Waraka wake Namba 1, ulioeleza mapendekezo ya sheria moja kwa watu wote, ukapelekwa kwa wananchi wausome na kuujadili. Mjadala ulikuwa mkali, lakini ukali wake mwingi uliangukia ndoa ya wake wengi: je, mume aulize kwanza kabla ya kuoa mke wa pili? Wanaume waliona mamlaka yao yametikiswa, wakapiga kelele huko. Umri wa msichana haukupata kelele kama hizo, na jambo lisilopigiwa kelele mara nyingi hupita bila kupimwa.

Haifai kuidharau kazi iliyofanywa. Sheria Namba 5 ya 1971 ilisema kwamba ndoa ni muungano wa hiari, na ya kwamba pasipo ridhaa ya mwanamke hapana ndoa. Ilimpa mke haki ya kuwa na mali yake mwenyewe. Ilimnyima mume ruhusa ya kumpiga mkewe. Ilisema kwamba kutolipwa mahari hakubatilishi ndoa. Katika miaka ile ni nchi chache za Afrika zilizokuwa zimethubutu kuyasema hayo yote katika kitabu kimoja, na si ajabu, kwa kuwa Nyerere mwenyewe, akali mwanafunzi wa Makerere mwaka 1944, alikuwa amekwisha kuandika insha nzima juu ya uhuru wa wanawake.

Kasoro imo katika vifungu viwili. Kifungu cha 13 kiliweka miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, na kikaipa mahakama uwezo wa kuruhusu walio chini ya hapo, mradi wametimiza 14. Kifungu cha 17 kikaongeza kwamba msichana asiyetimiza miaka 18 sharti apate idhini ya baba yake; baba akiwa amekufa, ya mama; na wote wawili wakiwa wamekufa, ya mlezi. Msomaji wa haraka ataona kwamba kifungu hiki cha pili ni ngao: mtoto asije akadanganywa na mchumba akaolewa kwa pupa. Yamkini ndivyo walivyokusudia watungaji. Lakini tazama ni nani aliyepewa ngao aishike. Katika ndoa nyingi za wasichana wadogo, anayeitaka ndoa si binti; ni baba. Sheria ilimweka bawabu mlangoni, na bawabu huyo ndiye aliyekuwa na haja ya mlango kufunguliwa. Ridhaa ya binti, ambayo kifungu cha 16 kiliidai, ilibaki kuwa neno la mtoto wa miaka 15 mbele ya mzee anayemlisha.

Haja ya baba nayo haikuwa ukatili mtupu, wala haisaidii kitu kuieleza hivyo. Kwa Wasukuma, Wakurya na wafugaji wengine, mahari yalilipwa kwa ng'ombe, na ng'ombe walioingia kwa ajili ya dada ndio waliotoka kwa ajili ya kaka. Nyumba yenye wavulana watatu na msichana mmoja ilimtazama msichana huyo kama mwenye nyumba atazamavyo akiba. Mwaka wa ukame ulipokuja, zizi likapungua, hesabu ilifanywa upya, na ndoa iliyokuwa ingoje miaka mitatu ikaharakishwa. Binti alikwenda kwa mume hana elimu, hana mali, hana neno katika nyumba mpya. Akazaa kabla mwili wake haujakomaa. Na watoto wake wakakulia katika ufukara uleule uliomtoa yeye kwao. Kwa hiyo ng'ombe waliopatikana waliuahirisha umaskini wa nyumba moja kwa kuupeleka katika nyumba ya pili. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulipowahoji wanawake wa miaka 20 hadi 24, ulikuta kwamba 37 katika kila 100 walikuwa wameolewa kabla ya miaka 18. Shinyanga, katika nchi ya ng'ombe, walikuwa 59.

Kitu kilichoshindana na zizi kwa nguvu zaidi ni shule. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka saba alimaliza la saba akiwa na 14 au 15, yaani katika umri uleule uliotajwa na kifungu cha 13. Azimio la Musoma la 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote, na wasichana wakaingia madarasani kwa maelfu, hata idadi yao ikakaribia ya wavulana. Lakini baada ya darasa la saba njia ilikatika, kwani shule za sekondari zilikuwa chache mno. Binti alirudi nyumbani akiwa na cheti, na nyumbani alikuta sheria inasema kwamba sasa aweza kuolewa. Mambo yalianza kugeuka pale tu shule za sekondari za kata zilipojengwa kwa wingi katika muongo wa kwanza wa karne hii, na ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilipofutwa mwaka 2016. Katika uchunguzi wa 2015 na 2016 wale 37 walikuwa wamepungua hadi 31.

Shule hiyohiyo ilikuwa na upanga wake. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu kumfukuza mwanafunzi aliyefunga ndoa. Aliyeozwa na baba yake alipoteza shule kwa kosa la baba yake. Waliojifungua nao walifungiwa mlango, hata mwezi wa Novemba 2021 Serikali iliporuhusu warejee madarasani.

Wakati huo sheria nyingine zilizidi kulizunguka jambo hili pasipo kuligusa. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 ilimlinda msichana wa chini ya miaka 18, isipokuwa akiwa ni mke wa mtu na ametimiza 15. Sheria ya Mtoto ya 2009 ilisema kuwa mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18. Mtu mmoja, siku moja, aliweza kuwa mtoto kwa sheria hii na mke halali kwa sheria ile.

Mwaka 2016 mambo mawili yalitokea. Bunge liliirekebisha Sheria ya Elimu, likakataza mtu yeyote kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari, na adhabu ikawa kifungo cha miaka 30. Hatua ilikuwa kubwa, lakini ilimlinda aliyevaa sare. Binti wa rika lilelile ambaye umaskini ulikuwa umekwisha kumtoa shuleni, naye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ndoa, aliachwa chini ya kifungu cha 13. Mwaka huohuo, tarehe 8 Julai, Mahakama Kuu iliamua shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, mwanasheria kijana na mwanzilishi wa shirika la Msichana Initiative. Ilisema kwamba vifungu vya 13 na 17 vinapingana na Katiba, kwa kuwa vinamtenga msichana na mvulana mbele ya sheria, ikaipa Serikali mwaka mmoja ivirekebishe.

Serikali ilikata rufani. Hoja yake moja yastahili kukumbukwa na mwanafunzi wa historia: kwamba umri ule uliwekwa mwaka 1971 kwa mapatano, ili mila na dini mbalimbali zipate nafasi chini ya sheria moja. Kwa habari ya mambo yaliyopita hoja hiyo ilikuwa ya kweli. Mapatano yalikuwapo. Waliopatana walikuwa wazee, viongozi wa dini, wabunge na chama. Msichana wa miaka 15, ambaye umri wake ndio uliotolewa ili wengine wapatane, hakuketi katika baraza lolote kati ya hayo. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufani. Kenya ilikuwa imekwisha kuweka miaka 18 kwa wote katika Sheria ya Ndoa ya 2014, na Uganda katika Katiba yake ya 1995. Dodoma, mashauriano na viongozi wa dini na wa mila yalianza upya, na mwaka 2023 ulipokwisha Bunge lilikuwa halijabadilisha maneno ya kifungu hicho.