Mguu Uliobaki Ndani ya Kiatu

Mama alivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 na vitu vichache: sufuria, vitenge viwili na viatu vya baba. Baba mwenyewe hakuvuka. Hapa Nyarugusu niliwahi kutaka kuvitupa, maana ngozi ilishakauka na kujikunja kama dagaa. Mama akanizuia: "Acha, mutoto. Mguu wa baba yako ungali ndani."

Nilidhani ni uchungu tu unasema. Kumbe hata mafundi wa makumbusho wanafikiri hivyohivyo.

Chukua kaburi la Tutankhamun, mfalme kijana wa Misri, alilolipata Howard Carter mwaka 1922. Watu wanakumbuka dhahabu. Lakini mlikuwamo pia masanduku ya nguo na viatu, vimesongwa ovyo, kwa sababu zamani zile wezi waliingia, na walinzi wa makaburi wakarudisha vitu harakaharaka. Sanduku moja la rangi lilimchukua Carter wiki tatu kulimaliza. Viatu vya shanga vilionekana vizima, kumbe uzi umeoza, shanga zimekaa kwa mazoea tu. Akavimwagia nta iliyoyeyushwa, ikaganda, ndipo akavinyanyua.

Humohumo mlikuwa na sanamu ya mbao ya mfalme, kichwa na kiwiliwili, bila mikono wala miguu. Carter alidhani ni ya kuvalishia nguo au mapambo yake. Yaani mdoli wa fundi cherehani, zaidi ya miaka 3,300 iliyopita!

Leo kazi hiyo ni fani kamili. Nguo ya kale haivalishwi mdoli wa dukani, utaipasua mishono. Fundi anaipima nguo, anatengeneza kiwiliwili chembamba kuliko nguo yenyewe, kisha anakijaza pamba ya polista kidogokidogo mpaka uzito usining'inie mabegani peke yake. Juu anashonea kitambaa kilichofuliwa, kisicho na rangi, kama amerikani. Kiatu kinajazwa karatasi isiyo na asidi, bila kukisukuma. Gazeti hapana, asidi yake inaharibu. Na kila kilichowekwa kiweze kutolewa bila kuacha alama. Nta kama ile ya Carter, mafundi wa leo wanaikwepa.

Tena egemeo linaamua tutaona nini. Kandambili moja ya Tutankhamun imechorwa mateka waliofungwa, Mnubi na Mwasia, pale mguu unapokanyaga. Ukiweka mguu wa bandia juu yake, umewafunika. Mgeni atasifu kiatu kizuri na kupita zake. Sisi tuliokimbia tunajua maana ya kufunikwa namna hiyo.

Basi nilitoa gazeti lililokaa miaka ndani ya viatu vya baba. Nikakata shuka jeupe kuukuu, nikalifua bila kulitia bluu, nikashona vifuko viwili vya mguu na kuvijaza pamba. Cha kushoto kiliingia vizuri. Cha kulia kilikataa, mpaka nikakipunguza upande wa nje, maana soli imelika upande huo tu.

"Mama, baba alikuwa anachechemea?"

Miaka yote hakuwahi kunieleza habari za mguu ule. Akavuta kigoda, akakishika kiatu cha kulia, akaanza kusimulia.