Simuleta hupima hatari kabla meli haijafika bandarini

Bandari inapotaka kupokea meli kubwa kuliko zile ilizozizoea, au mzigo mzito unapotakiwa kukokotwa kupitia lango jembamba, safari hiyo hufanyiwa majaribio kwanza nchi kavu. Kinachotumika ni mtambo wa kompyuta unaoiga mwenendo wa meli majini, maarufu kama simuleta.

Suala hilo si la mabaharia peke yao. Mizigo mingi ya Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo hupitia Mombasa na Dar es Salaam. Bandari zote mbili zina lango jembamba ambalo pia hukatizwa na vivuko vya abiria, Likoni kwa Mombasa na Kigamboni kwa Dar es Salaam. Meli ikikwama hapo, nyingine hulazimika kusubiri nje, na gharama ya kusubiri humfikia mwenye mzigo.

Machi 2021, meli ya Ever Given yenye urefu wa mita 400 ilikwama katika Mfereji wa Suez na kuufunga kwa siku sita.

Jinsi jaribio linavyofanyika

Wataalamu hukusanya takwimu za kina cha maji, mikondo, upepo, kujaa na kupwa kwa maji, pamoja na ukubwa na nguvu za meli inayotarajiwa. Rubani wa bandari husimama katika chumba kilichotengenezwa kama chumba cha kuongozea meli, chenye usukani, rada na skrini zinazoonyesha bandari. Manahodha wa tagi, yaani boti za kuvuta na kusukuma meli, wanaweza kushiriki kutoka vyumba vya jirani.

Safari ile ile hurudiwa mara nyingi huku hali ikibadilishwa. Upepo huongezwa, tagi moja huondolewa, au injini huzimwa ghafla. Kila mara hupimwa nafasi iliyobaki kati ya meli na ukingo, na kina kilichobaki chini yake.

Matokeo hugeuzwa kuwa masharti: kiwango cha mwisho cha upepo, wakati wa kuingia kufuatana na maji, idadi ya tagi, na mahali ambapo rubani bado anaweza kuahirisha safari.

Mfano wa Panama

Mfereji wa Panama uliopanuliwa ulizinduliwa Juni 26, 2016. Vyumba vyake vipya vya kupandishia meli vina upana wa mita 55, na vilikusudiwa meli za upana wa mita 49, hivyo kila upande hubaki mita tatu tu. Aidha, humo meli hushikiliwa na tagi badala ya vichwa vya treni vinavyotumika katika vyumba vya zamani.

Marubani na manahodha wa tagi walifunzwa kwa simuleta, na pia kwa meli ndogo za mfano katika mabwawa maalumu. Hata hivyo, kabla ya uzinduzi, mamlaka ya mfereji ilikodi meli halisi, Baroque, yenye urefu wa mita 255, kwa majaribio.

Mipaka yake

Simuleta haijui isichoambiwa. Vipimo vya kina vikiwa vya zamani, majibu yake yatapotosha. Vilevile, rubani aliye katika simuleta anajua kuwa hakuna atakayeumia. Ndiyo maana wanahitajika marubani wanaoifahamu bandari yenyewe, na safari za kwanza hufaa zifanywe mchana, katika hali ya hewa tulivu, kabla ya masharti kulegezwa.

Kwa mfanyabiashara, masharti hayo yana bei. Meli kubwa hupunguza gharama ya kila kontena, lakini ikiruhusiwa kuingia maji yakijaa tu, au ikizuiwa na upepo wa kusi, nafuu hiyo inaweza kumezwa na siku za kusubiri. Bandari inapotangaza kupokea meli kubwa zaidi, urefu wa gati pekee hautoshi. La kuuliza ni masharti yaliyotokana na majaribio, na siku ngapi kwa mwaka yatatimizwa.