Mtoto Hakurithi Unene

Pemba, mwanamke aliyejifungua huitwa mzazi. Katika siku zake arubaini hulishwa uji wa pilipili manga, kuku na supu, mpaka wanaokuja kumtazama waseme, "Mashaallah, amenawiri." Sifa hiyo nairidhia. Na kisiwa cha karafuu kimeijua mizani kuwa chombo cha neema: kilo zikizidi, ndipo riziki inapozidi. Kliniki nako, mstari wa kadi ya mtoto ukipanda, mama hupongezwa.

Basi daktari anayetaka kuonya juu ya uzito achague maneno. Redioni husikika mawili: utipwatipwa na kiribatumbo. Yote mawili siyataki. Kiriba ni mfuko wa ngozi wa kutilia maji; ukiunga na tumbo umemchora mwenye kitambi, tena kwa kumkejeli. Mtoto wa miaka mitatu hapimwi kitambi, hulinganishwa uzito wake na urefu wake. "Uzito uliozidi" ni istilahi isiyo na pambo, lakini hutaja kile kile kinachopimwa, na muuguzi wa Wete aweza kuitamka mbele ya mawifi na mama mkwe bila kumvunjia mtu heshima.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni neno kurithi. "Mtoto karithi unene wa mamake," watu husema. Kwetu mirathi hugawanywa mtu akishakufa, kwa mafungu yaliyokwisha kuwekwa, wala hayabishaniwi. Uzito haupiti hivyo. Jeni zina sehemu yao, kweli, lakini sikiliza linalotokea tumboni. Mja mzito mwenye uzito uliozidi yumo zaidi katika hatari ya kisukari cha mimba. Sukari ya damu yake hupita kwenye kondo la nyuma. Insulini yake haipiti. Kongosho la mtoto hulazimika kutengeneza insulini nyingi, na sukari ya ziada hugeuka mafuta mwilini mwake. Utafiti wa HAPO, uliotangazwa mwaka 2008 baada ya kuandikisha wajawazito zaidi ya 25,000 katika nchi 9, ulionyesha kwamba uwezekano wa kuzaa mtoto mkubwa hupanda pamoja na sukari ya mama, hata kabla haijafikia kiwango cha kuitwa kisukari. Kisha mtoto huzaliwa, yeye na mamake wakala chungu kimoja na kunywa soda za duka moja.

Mimi ningesema mtoto hupokea. Hupokea kwa aliye hai, na kinachopokewa hupunguzika: kwa kupima sukari mapema, kwa chakula cha nyumba nzima, baba akiwemo.

Neno utapiamlo nalo limebanwa. Wengi wakilisikia huona mtoto aliyekonda tu. Takwimu za Tanzania za 2015–16 zilikuta watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa ni asilimia 34, na wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi ni asilimia 28. Nyumba moja yaweza kuwa na wote wawili, na neno lao ni hilo hilo.

BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, ikilishughulikia jambo hili, ianze na wakunga wa Micheweni na Mkoani, iwaulize wao humwambiaje mama.