Kenya: Nguvu ya gari la turbo huanzia kwenye mfumo wa petroli

Magari madogo yenye injini za turbo yanayoagizwa yakiwa yametumika kutoka Japani, hususan Subaru Impreza na Subaru Forester, yana wapenzi wengi nchini Kenya. Mapenzi hayo yana historia yake. Colin McRae, dereva wa Scotland, alishinda mbio za Safari Rally mwaka 1997 akiendesha Impreza, naye Mwingereza Richard Burns akaibuka mshindi kwa gari la aina hiyo mwaka 2000. Mbio hizo ziliondoka katika ratiba ya mashindano ya dunia baada ya mwaka 2002 na kurejea mwaka 2021, ambapo sehemu kubwa ya mashindano hufanyika katika eneo la Naivasha.

Baadhi ya wenye magari hayo huwaendea mafundi wakitaka nguvu zaidi ya ile iliyotoka kiwandani. Aghalabu kazi huanza na kile kinachoonekana au kusikika: bomba pana la moshi, au turbo kubwa zaidi. Hata hivyo, kinachoangamiza injini baada ya kazi kama hiyo mara nyingi si turbo yenyewe, bali ni petroli isiyotosha.

Hewa na petroli

Turbo huzungushwa na moshi utokao katika injini, nayo husukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Ili petroli iungue kikamilifu, kila gramu 1 huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Injini ya turbo inapobeba mzigo mkubwa, hewa hiyo hupunguzwa hadi gramu 11 au 12 hivi, kwa sababu petroli ya ziada hupoza silinda.

Hewa ikiongezeka bila petroli kufuata, joto hupanda, na sehemu ya mchanganyiko huweza kujiwasha yenyewe kabla ya moto wa plagi kuifikia. Hapo ndipo injini husemwa kuwa inagonga. Hali hiyo ikiendelea chini ya mzigo mkubwa, hata kwa muda mfupi, pistoni huweza kupasuka au kutoboka.

Hesabu kabla ya vipuri

Injini ya turbo hutumia takriban gramu 270 za petroli kwa saa kwa kila nguvu moja ya farasi. Kwa hiyo injini ya nguvu za farasi 300 huhitaji karibu kilo 81 kwa saa, yaani lita 108 hivi. Zikigawanywa kwa injekta nne, kila moja hubeba lita 27 kwa saa, sawa na mililita 450 kwa dakika.

Injekta haipaswi kufanyishwa kazi hadi ukomo wake. Mafundi wengi huacha akiba ya asilimia 20, na kwa kanuni hiyo, inayofaa hapa ni ile ya takriban mililita 560 kwa dakika.

Pampu nayo ina mipaka yake. Kadiri shinikizo linavyopanda katika mabomba ya petroli, ndivyo kiasi inachoweza kusukuma kinavyopungua. Pampu mpya iliyounganishwa kwa waya chakavu, au inayosukuma kupitia chujio lililoziba, haitatoa kiasi kilichoandikwa kwenye kasha lake.

Kompyuta ya injini

Injekta kubwa zikifungwa bila kompyuta ya injini kurekebishwa, petroli humwagika kupita kiasi, moshi mweusi hutoka, na mafuta ya kulainisha huoshwa kutoka kwenye kuta za silinda. Kwa sababu hiyo fundi hana budi kuandika upya vipimo vya petroli na wakati wa cheche za plagi. Kazi hii hufanywa gari likiwa juu ya mashine ya kupimia nguvu, huku kihisi kwenye bomba la moshi kikionyesha uwiano wa hewa na petroli.

Aina ya petroli pia huzingatiwa. Petroli ya daraja la juu inayouzwa Japani hufikia okteni 100, na magari mengi ya turbo yaliyotengenezwa kwa soko la nchi hiyo yalipimwa kwa petroli ya daraja hilo. Petroli ya kawaida ya vituo vya Afrika Mashariki haifikii kiwango hicho, hivyo vipimo vilivyonakiliwa kutoka Japani huweza kuifanya injini igonge.

Kutoka Nairobi hadi Mombasa

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni takriban kilopaskali 82. Mombasa ni kama 101. Turbo inayodhibitiwa kwa springi pekee, ikiongeza kilopaskali 100, itaipa injini 182 ikiwa Nairobi na 201 ikiwa Mombasa. Tofauti hiyo ni hewa zaidi kwa karibu asilimia 10, na petroli sharti iongezeke kwa kiwango hicho hicho.

Gari lililorekebishwa Nairobi bila kuachiwa akiba katika injekta na pampu huweza kwenda salama kwa miezi mingi, kisha likavunja injini katika safari yake ya kwanza ya pwani. Jambo hili linawahusu pia wenye magari walio katika nchi jirani: Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kigali zaidi ya mita 1,500.

Utaratibu ulio salama ni kukagua kwanza afya ya injini kwa kupima mgandamizo wa kila silinda, kisha kuimarisha pampu, chujio na injekta, kurekebisha kompyuta, na mwishowe ndipo turbo iongezwe nguvu. Breki na matairi navyo vilingane na mwendo mpya. Kwa familia nyingi, gari ndilo mali kubwa baada ya nyumba au shamba, na gharama ya pampu ni ndogo ikilinganishwa na ya injini nyingine.