Somo la Leo: Kichekesho Kilichopotea

Sogeeni karibu na redio. Leo hatusomi habari za vita wala za wafalme. Tunasoma habari za kichekesho kilichochekesha watu wengi, na leo hapana awezaye kukiona.

Mwaka 1925, huko Marekani, Bibi Anita Loos alitoa kitabu kiitwacho Gentlemen Prefer Blondes, yaani waungwana hupendelea wanawake wenye nywele za rangi ya dhahabu. Mwenyewe alieleza kuwa wazo alilipata ndani ya garimoshi. Mwanamke mwenye nywele hizo aliangusha kitabu, wanaume wakakimbilia kumwokotea. Bibi Loos, mwenye nywele nyeusi, akihangaika na masanduku yake peke yake! Basi akaandika shajara ya msichana Lorelei Lee, ambaye makosa yake ya herufi ni tele. Lakini msimcheke upesi. Huyo asiyejua herufi ndiye apataye matajiri na almasi zao.

Mwaka 1928 kampuni ya Paramount ilikigeuza kuwa sinema. Ruth Taylor alikuwa Lorelei, na Alice White alikuwa rafikiye Dorothy. Ilikuwa picha bubu, haina sauti. Maneno yaliandikwa na kuonyeshwa katikati ya picha, na Bibi Loos mwenyewe alikuwa mmoja wa walioyaandika. Kwa hiyo mtazamaji ilimpasa kujua kusoma, au kuketi karibu na jirani mwenye huruma.

Lakini sinema za kusema zilikuwa zimekwisha kuanza, na upesi picha bubu hazikuwa na bei tena. Tena filamu za siku zile zilishika moto kwa urahisi, na nyingine zilioza ndani ya makopo. Mwaka 1937 ghala la kampuni ya Fox liliungua huko New Jersey, picha nyingi zikateketea. Nyingine zilitupwa tu, au zikayeyushwa ili kutoa madini ya fedha yaliyomo. Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa hesabu: katika picha ndefu bubu karibu 11,000 za nchi ile, zilizosalia kama zilivyotoka ni 14 tu katika kila 100.

Ya Lorelei haimo. Kitabu kipo. Sinema ya Marilyn Monroe ya mwaka 1953 ipo pia, lakini hiyo ni ya nyimbo na sauti, ni kazi nyingine kabisa.

Haya, chukueni madaftari. Andikeni mistari mitano juu ya jambo la kuchekesha mliloliona safarini. Msisahau tarehe.