Kinu cha Sydney na siri ya sumaku

Kinu cha nyuklia cha HIFAR kilianza kazi mwezi Januari mwaka 1958 huko Lucas Heights, pembezoni mwa jiji la Sydney, kikafungwa Januari 2007. Wengi walikijua kwa dawa za hospitali, wengine kwa hofu tu. Wachache walijua kuwa kilitumika pia kuchunguza sumaku.

Kila elektroni ndani ya atomu ni sumaku ndogo mno. Elektroni zikikaa mbili mbili, nguvu zao hubatilishana. Katika chuma baadhi hubaki bila mwenzi, na atomu zikielekea upande mmoja, kipande kizima huvuta msumari. Katika oksidi ya manganizi iliyopoozwa sana, atomu hupingana, na kwa nje nguvu haionekani. Nyutroni, ambayo nayo ni sumaku, huugundua mpangilio huo.

Miongoni mwa waliotumia nyutroni za HIFAR mwanzoni mwa miaka ya 1960 ni Hugo Rietveld, Mholanzi aliyekuwa akisoma Perth. Baadaye, nchini Uholanzi, alibuni hesabu iliyochapishwa mwaka 1969, inayofichua mpangilio wa atomu na wa sumaku zake hata katika unga, pasipo fuwele kubwa, ambayo kwa vitu vingi haipatikani kabisa.